Baharia wa Mwisho Kushoto

Mwenye binti asogeze kiti, na asiye na binti asikilize kwa niaba ya jirani.

Filamu ile ya mabaharia na mbuzi ikirudiwa kwenye televisheni siku ya Jumapili, Tonka Vidosich hapiki. Hukata mkate, huweka dagaa wa chumvi kwenye kisahani, huvuta kiti mpaka magoti yanagusa meza ya televisheni, halafu hutazama upande mmoja tu, wa kushoto. Nyota wa filamu wako katikati. Wanaimba, wanarukia mapipa, wanampigia magoti mrembo mwenye kofia ya manyoya. Tonka hana habari nao. Anamngoja baharia wa mwisho kushoto, kijana mrefu kama mlingoti, ambaye wenzake wote wakiinua mguu wa kushoto, yeye anainua wa kulia.

"Huyo!" husema peke yake. "Mwone! Mpaka leo hajajifunza."

Kisha hucheka mpaka machozi yanamtoka, na machozi yakishatoka huwa hayakubali tena kuwa ya kicheko.

Ilikuwa mwaka wa vita, arobaini na nne. Tonka alikuwa mjane pale San Pedro, bandari ya California, juu mlimani, katika nyumba za Wadalmatia, wahamiaji wa kutoka pwani ya Kroatia, ambazo madirisha yote yanatazama bandari. Mume wake, Jakov, alitoka kuvua jodari asubuhi ya ukungu, na mashua ikarudi bila yeye. Wenzake walimletea mjane buti tu, zile Jakov alizokuwa amezivua ili apumzishe miguu. Mtoto wao wa pekee, Vinka, alikuwa bado ana meno ya utotoni. Siku hiyo Tonka aliweka nadhiri: binti huyu hataolewa na mtu wa baharini. Si mvuvi, si nahodha, si hata mpishi wa meli.

Nadhiri nzuri, lakini kuiweka San Pedro ni sawa na kuapa hutakanyaga vumbi na huku unakaa sokoni. Vita vilipopamba moto, mabaharia wa jeshi walijaa mitaani kama kumbikumbi baada ya mvua. Binti wa nyumba ya tatu kutoka kwa Tonka aliolewa Alhamisi, akaagana na mume Ijumaa, na Krismasi ilipofika alikuwa amevaa nguo nyeusi. Mama yake alilia, Tonka akaenda kumshika mkono, na njiani akirudi akajisemea, "Wangu, hapana. Wangu hawamwoni."

Akaona dawa ni moja, kumtoa Vinka bandarini. Msichana alikuwa na miguu myepesi. Hata akiosha vyombo visigino vilikuwa vinagonga sakafu kwa mapigo. Basi Tonka akapanga dagaa kwenye makopo kiwandani, mikono ikanuka samaki mpaka kanisani, ili mtoto asomee kucheza dansi. Akicheza vizuri ataingia studio za filamu, na studio ziko bara, mwendo mrefu kwa treni nyekundu ya umeme. Kule hakuna maji ila ya bomba.

Na kweli, Vinka alipotimiza miaka kumi na saba akachukuliwa. Lakini sikia mambo ya dunia: filamu yenyewe ya kwanza ilihusu nini? Mabaharia. Meli imetia nanga, vijana wamepewa ruhusa ya kushuka, mbuzi wa meli ametoroka, nao wanamtafuta mji mzima huku wanaimba na kukutana na wasichana. Tonka alitaka kumrudisha mtoto nyumbani siku ile ile.

Aliyemtuliza ni Opal, mtunza mavazi wa pale studio, mwanamke mnene mwenye kuongea na pini mdomoni bila kuzimeza.

"Mama Vinka, acha ushamba," Opal alimwambia. "Hawa ni mabaharia wa kitambaa. Huyu baba yake ni fundi bomba. Yule anauza magazeti. Wale wawili pale hawajui hata kuogelea, wanaogopa maji ya kuoga. Mimi nawavalisha asubuhi, jioni nawavua. Hofu ya nini?"

Tonka akawatazama. Vijana sitini waliovaa sare za bluu, kofia nyeupe pembeni ya kichwa, na nyuma yao bahari ya turubai iliyopakwa rangi, wanaume wanne wakiivuta kwa kamba ili mawimbi yapande na kushuka. Akaisogelea ile bahari akaigusa kwa kidole. Kavu.

"Hii ndiyo bahari," akasema. "Hii haijamzamisha mtu."

Sheria ya huko ilitaka msichana wa umri ule asikae studio bila mzazi, kwa hiyo kila siku Tonka alikuwa pale, kwenye kiti kando ya kamera, na kikapu chake. Mikono isiyozoea kukaa bure ikaanza kumsaidia Opal kushona. Ndivyo ilivyokuwa siku ya Jumatatu, wakati mwalimu wa dansi, Bwana Finch, mtu mfupi mwenye filimbi shingoni, alipolipuka.

"Wewe! Wewe pale nyuma ya pipa! Ndiyo, wewe mlingoti! Umesimama kama unangoja basi? Ingia kwenye mstari!"

Kijana mrefu akatazama nyuma, akatazama kulia, akaona anayeambiwa ni yeye. Akakakamaa mwili mzima. "Ndiyo, bwana!" Akakimbia akajipanga wa mwisho kushoto.

Muziki ukapigwa. Wenzake wakaruka, naye akaruka wakati wao wanatua. Wakageuka, naye akagongana uso kwa uso na jirani yake. Filimbi ikalia kama kuku anayechinjwa.

"Nani alikufundisha kucheza?"

"Hakuna, bwana."

"Tumeona!"

Studio nzima ikacheka. Bwana Finch akataka kumfukuza, lakini mwongozaji wa filamu, aliyekuwa amekaa juu kwenye kamera, akapiga paja lake. "Mwacheni! Kila meli ina mmoja kama huyo. Na kesho asimame hapo hapo, kofia hivyo hivyo. Kamera imeshamwona."

Kazi ya filamu ndivyo ilivyo. Ukishaonekana kwenye picha ya Jumatatu, huna ruhusa ya kukosa ya Jumanne, la sivyo watazamaji watauliza umepotelea wapi. "Ndiyo, bwana," akajibu kijana, na kesho yake akawa pale kabla ya jua kupanda, amejichanganya na kundi la mabaharia wa kitambaa. Mlinzi wa lango alikuwa anazuia tu wasiovaa ubaharia.

Siku hiyo ya pili mbuzi akamla mkono. Si mkono wa nyama, wa nguo. Alikuwa mbuzi wa kukodi, mwenye ndevu na tabia mbaya, na kila alipokosa majani alikula alichopata. Alikwisha kula kofia mbili na ua la nywele za mrembo. Wengine wakitafuniwa nguo walikuwa wanakwenda kwa Opal wanacheka, wanapewa nyingine. Huyu mrefu alibaki ameshika mkono wa sare yake kama mtu aliyeshika ndege aliyekufa.

Tonka akamwonea huruma. "Njoo hapa. Kaa. Usitetemeke, mbuzi kala kitambaa, hajakula mfupa."

"Mama, sina nyingine. Wakiniona hivi nitakiona cha moto."

"Nani, Opal? Yule anabweka tu, hang'ati."

Kijana akamtazama bila kuelewa, lakini alikuwa na adabu, hakubisha. Tonka akaanza kushona. Kitambaa kilikuwa kizito, sufu ya kweli, na alipokunja ukingo wa mkono akakuta kwa ndani joka limetariziwa kwa nyuzi nyekundu na za dhahabu. Akastaajabu. Opal naye anajua kutumia nyuzi vibaya, akawaza, nani atauona urembo wa ndani? Na kwenye pindo la shingo jina limegongwa kwa wino mweusi: HASKINS. Hilo halikumsumbua. Nguo zote za studio huandikwa jina la anayezivaa, zisije zikachanganyika.

Tonka aliviona vyote vile kwa macho yake mawili, akavipitia kwa sindano, na hakuona kitu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Yeye aliishika hiyo nguo mkononi.

"Unaitwa nani, mwanangu?"

"Wendell, mama. Wendell Haskins."

"Kwenu wapi?"

"Nebraska. Kwetu ni mahindi. Ukipanda juu ya trekta unaona mahindi mpaka yanagusana na mbingu."

"Na bahari je?"

Kijana akacheka kwa aibu. "Mpaka juzi juzi sikuwahi kuona maji yasiyo na ng'ambo. Siku ya kwanza nilitapika mpaka nikamwita mama."

Moyo wa Tonka ukajilaza kama paka kwenye jua. Kijana wa mahindi! Kama wengine wote waliokuja California kutafuta bahati kwenye filamu, huyu naye. Akafungua kikapu, akatoa yale maandazi membamba ya kwao, yaliyokaangwa yakapindwa kama utepe na kunyunyiziwa sukari. Sukari ya vita, ya kupimiwa kwa kijiko, alikuwa ameiweka akiba tangu Pasaka. Wendell akala moja, akafumba macho.

"Mama, hilo lilikuwa langu," sauti ikasema. Vinka alikuwa amesimama mbele yao, jasho mdomoni, viatu vya kugonga sakafu mkononi.

"Wewe utashiba kesho. Mwone mwenzako alivyo mwembamba. Na hebu mfundishe ile hatua, masikini, asituharibie filamu. Kulia mara mbili, kushoto mara moja. Nenda! Mshike mkono, hatakuuma."

Ndivyo alivyosema. Yeye mwenyewe, Tonka, mwenye nadhiri.

Wiki ile ilikuwa tamu. Hata leo Tonka akiikumbuka, anaikumbuka kwa harufu: rangi ya turubai, taa za moto, mbuzi, sukari. Saa ya chakula wasichana na mabaharia walikuwa wanakaa juu ya mapipa wanatupiana maganda ya machungwa. Vinka na Wendell walikuwa nyuma ya bahari, kwenye kivuli, kulia mara mbili, kushoto mara moja, na kila mara alikosea na kila mara Vinka alimpiga kwa kofia, mara moja hata mbele ya kamera. Tonka alikuwa anawasikia wanacheka upande wa pili wa mawimbi, na yeye mwenyewe akajikuta anamwimbia Opal nyimbo za kwao Dalmatia ambazo hakuwa ameziimba tangu Jakov.

"Naona umepata mkwe," Opal akamtania kwa pini zake.

"Usinichekeshe. Lakini nikipewa nichague, bora wa mahindi kuliko wa chumvi."

"Na huyo mkwe anasema mikono yake ya nguo ni mizuri kuliko ya wenzake. Ulimtarizia wewe?"

"Mimi? Si wewe?"

"Mimi nina sare sitini, Tonka, nitarizi saa ngapi?" Opal akajibu, na kabla neno halijafika mbali, mbuzi akapita na utepe wa kupimia mdomoni, na wote wawili wakaondoka mbio kumfukuza.

Jumamosi alasiri mwongozaji akapiga makofi, kazi ikaisha. Watu wakakumbatiana. Opal akaweka vikapu vyake vikubwa mlangoni, na mabaharia wakaingia chumba cha kubadilishia wakiwa sitini, wakaanza kutoka mmoja mmoja. Tonka alikaa kwenye kiti chake kutazama, maana jambo hilo lilimpendeza kama mazingaombwe. Anaingia baharia, anatoka mtoto wa fundi bomba mwenye suruali ya viraka. Anaingia baharia, anatoka muuza magazeti. Meli nzima ikayeyuka mbele ya macho yake, na vikapu vikajaa bluu. Alikuwa na hamu ya kumwona Wendell na nguo zake mwenyewe. Nguo humsema mtu. Atakuwa na suruali ya shambani, bila shaka, na shati lililopigwa pasi na mama yake.

Wendell akatoka wa mwisho. Alikuwa bado amevaa sare. Kofia sasa ilikuwa imekaa sawasawa juu ya nyusi, na begani alikuwa na mfuko wa turubai.

"Opal!" Tonka akaita huku anacheka. "Umesahau mmoja!"

Opal akageuka, akamtazama kijana kuanzia kofia mpaka viatu. Akatoa pini mdomoni zote, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya.

"Huyo si wangu, Tonka. Suruali zangu zina zipu, ili wavue upesi. Huyo ana vifungo kumi na vitatu mbele. Hivyo ni vya serikali. Na urembo wa ndani ya mkono, mabaharia wa kweli ndio huutarizi."

Wendell akavua kofia. "Nilidhani mnajua, mama," akasema taratibu. "Jumatatu tulikuja wanajeshi wengi kutembezwa studio. Nikasimama kutazama bahari ya turubai, wenzangu wakaniacha. Halafu yule bwana akaniamuru niingie kwenye mstari."

Bwana Finch akashika filimbi yake kwa mikono miwili. "Yaani nimemfokea baharia wa kweli wiki nzima? Na ruhusa yako ya kushuka?"

"Ndiyo hii, bwana. Meli inatengenezwa San Pedro. Nilikuwa na wiki moja, na uliniambia nisikose. Nimeshazoea kufokewa. Wa kwetu wanafoka zaidi."

Watu wakacheka. Tonka hakucheka. Aliposikia San Pedro, aliona dirisha la jikoni kwake, na chini yake meli ya kijivu iliyokuwa imekaa gatini wiki zote zile, mafundi wakigonga. Alimkimbiza mtoto mbali kote huko, na treni ile ile ikaja na baharia kwa nyuma. Akageuka kwa binti yake.

"Ulijua?"

Vinka alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. "Tangu siku ya andazi."

"Na ukaninyamazia mama yako?"

"Ulikuwa unaimba, Mama," Vinka akasema. "Sijawahi kukusikia unaimba."

Jumapili baada ya kanisa kijana akapanda mlima wa San Pedro, kofia mkononi, akabisha hodi. Meli ilikuwa inaondoka alfajiri kwenda Pasifiki. Tonka alimkaribisha, kwa sababu mgeni ni mgeni, akamwekea viazi na mboga zenye mafuta ya zeituni, na yeye mwenyewe hakula. Wendell alipomaliza akafuta mdomo, akasema yote kwa mara moja, kama mtu anayeruka maji ya baridi.

"Mama, nampenda Vinka. Nikirudi nataka kumwoa. Sitaki kukuondolea mtoto. Nimeutazama huu mlima wenu, nimeupenda. Vita vikiisha nitatafuta kazi hapa hapa, kiwandani au gereji, tukae nyumba ya karibu. Naomba tu aniandikie, na kesho aje gatini aniage."

Neno zuri lililoje! Mama yeyote mwenye akili angelidaka kwa mikono miwili. Lakini hofu ikikaa muda mrefu ndani ya mtu huwa haisikii, inasema tu. Tonka aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na buti za Jakov. Ngozi ilikuwa imekauka na kupasuka. Akaziweka juu ya meza, karibu na mkate.

"Hizi ndizo zilizorudi," akasema. "Unaziona? Nilisimama kwenye gati hilo hilo na mtoto mkononi, nikapewa hizi."

"Mama, tafadhali," Vinka akasema.

"Nyamaza. Naongea naye." Akamkazia macho kijana. "Gatini haji. Sitaki mtoto wangu asimame pale, hata dakika. Kuandikiana, andikianeni. Lakini kama unamtaka, niapie. Ukirudi, uje mkavu. Usiniletee sare mlangoni. Na usimweke hapa, asikie king'ora cha meli kila akiamka. Mpeleke mbali, mahali ambapo bahari haisikiki na haionekani. Niapie mbele ya hizi buti."

Wendell alimtazama Vinka, na Vinka alikuwa anatikisa kichwa, hapana, hapana. Halafu akamtazama Tonka, akakakamaa kama alivyofanya mbele ya Bwana Finch.

"Ndiyo, mama," akasema. "Naapa."

Alfajiri Tonka alifunga madirisha yote na mapazia juu yake. Wakakaa jikoni, mama na binti, kahawa ikipoa. King'ora cha meli kikalia mara moja, kirefu, mpaka vikombe vikatetemeka kwenye visahani. Vinka hakuinuka. Hakulia. Lakini chini ya meza Tonka alisikia kisigino kikigonga ubao, polepole, kulia mara mbili, kushoto mara moja, mpaka king'ora kiliponyamaza, na hata baada ya hapo.

Mwaka wote uliofuata nyumba ile ilikuwa na watu wawili na ukimya wa watu wanne. Vinka alicheza filamu nyingine mbili, kisha akaacha. Barua zilikuja, zikakaa wiki nyingi bila kuja, zikaja tena kwa pamoja. Na katika kungoja kule, jambo likamtokea Tonka ambalo hakulitarajia: akaanza naye kungoja. Alianza kumwombea yule mlingoti kwa jina. Vita vilipokwisha alikwenda kwa msimamizi wa kiwanda cha dagaa, akauliza kwa mbali, kama mtu anayemuulizia jirani, kama kutakuwa na kazi ya kijana mwenye nguvu. Akaambiwa ipo. Akaona hata nyumba, mtaa wa pili, yenye ngazi za mawe ambapo mtoto mdogo angeweza kucheza.

Siku mlango ulipogongwa, Tonka ndiye aliyefungua. Wendell alikuwa amevaa suti ya kahawia, fupi mikononi, na kovu jipya shingoni.

"Mama," akasema, "nimekuja mkavu."

Harusi ikafungwa kanisa la mlimani, watu wakala na kucheza, na bwana harusi akakosea hatua mbele ya paroko. Jioni Tonka akamvuta kando karibu na jiko.

"Sasa," akasema, "mmepanga nini?"

"Baba yangu ametupa ekari upande wa mashariki wa shamba. Treni ni Jumanne." Wendell akamshika mikono. "Usiwe na wasiwasi. Kule hata ukipiga darubini huoni bahari. Nilikuapia."

Tonka akafungua mdomo. Neno "kaeni" likapanda, likafika kwenye meno. Lakini angelitoaje, yeye aliyepiga buti mezani? Angesema nini, kwamba alikosea? Mbele ya mkwe, siku ya harusi? Akaligeuza neno, akalimeza.

"Vizuri," akasema. "Umefanya vizuri."

Jumanne akasimama kwenye stesheni ya treni, leso mkononi. Hakuna aliyemkataza.

Na hivyo bahari haikumchukua Vinka. Yaliyomchukua ni mahindi. Wamejaliwa watoto wawili huko Nebraska, wavulana, warefu, wasiojua kuogelea. Vinka anafundisha dansi watoto wa wakulima kwenye ukumbi wa shule. Huja San Pedro mara moja baada ya miaka mingi, maana shamba halina likizo. Ng'ombe hatoi ruhusa ya kushuka. Tonka anakaa na madirisha yake yanayotazama maji, na hamu yote imegeukia upande wa nchi kavu.

Jumapili hii filamu ilipoisha alipiga simu. Simu ya masafa marefu, ya kusema haraka.

"Vinka, nimewaona! Umempiga kwa kofia tena."

"Huku ilionyeshwa wiki iliyopita, Mama. Watoto walimcheka baba yao mpaka akatoka nje."

"Nipe yeye."

Vishindo vya buti, kisha ile sauti ya polepole. "Mama, mzima?"

"Wendell, mwanangu, sikia." Tonka akashika waya wa simu kama mtu aliyeshika kamba ya mashua. "Kile kiapo. Kile cha buti. Nimekufungulia. Nilitaka kukufungulia siku ya harusi, nikashindwa."

Kwa mbali, huko Nebraska, mtoto alikuwa anagonga kitu kwa kijiko.

"Mama," Wendell akasema mwishowe, "mbona hukuniambia? Ile wiki ya harusi Vinka alikuwa analia kila nikizima taa. Ungesema neno moja tu tungebaki."

"Najua."

"Sasa nina ng'ombe, mama. Baba amezeeka, hawezi peke yake."

"Najua, mwanangu. Sikukwambia mje. Nimekufungulia tu."

Akakata, akarudi jikoni, akakaanga yale maandazi, akayanyunyizia sukari, akayapanga kwenye kopo la bati ili yaende kwa posta. Hufika Nebraska yamekuwa unga, na Vinka huandika kwamba watoto huyala kwa kijiko.

Binti za majirani wakimuuliza Tonka siku hizi awape wosia kuhusu vijana, wote hutarajia atawaambia wawaogope mabaharia. Hawatajii mabaharia. Huwatafuta mama zao, anawashika mkono jikoni, na huwaambia hivi: mama, ukiwa na hofu, usimwapishe kijana mtiifu. Muongo angekivunja kile kiapo siku nyingi, na leo wajukuu wangekuwa wanacheza kwenye zile ngazi za mawe, mtaa wa pili.